Uvimbe wa punje ya karotidi: anza na vidole, sindano iache mezani

Shingo ikivimba huku kwetu, jina la kwanza kutajwa ni matezi, la pili kifua kikuu. Mara nyingi ni kweli. Lakini niliwahi kumpokea mama mmoja mwenye bahasha ya kaki: ndani mna kadi ya dawa za TB alizomeza miezi sita hadi akamaliza, na karatasi ya kituo kimoja kilichojaribu kukata kipande cha kupima, iliyoandikwa "biopsi imeshindikana, damu nyingi". Kovu lilikuwa pale pale chini ya taya, upande wa kulia, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Chini yake uvimbe ulikuwa unadunda. "Daktari, hiki kinapiga kama moyo," akaniambia. Alikuwa ameshawaambia wengine watatu.

Mwongozo huu nauandika kwa madaktari wa wodi na wale wanaoanza upasuaji wa shingo. Hautoshi kukufanya ushike kisu peke yako. Simama kwanza upande wa pili wa meza, mara kadhaa.

Jua unachokigusa

Ateri ya karotidi hupanda shingoni kisha ikagawanyika: ya ndani huenda kwenye ubongo, ya nje huenda usoni na kwenye ngozi ya kichwa. Kwenye panda hiyo, kwa nyuma na ndani kidogo, pamejibanza kitu chenye ukubwa wa punje ya mchele. Mimi huiita punje ya karotidi. Kazi yake ni kuionja damu. Oksijeni ikishuka, hasa chini ya milimita 60 za zebaki, au kaboni dayoksaidi ikipanda, au damu ikizidi asidi, seli zake hufunga njia za potasiamu, kalsiamu huingia, nazo humwaga kemikali zinazoiamsha neva ya 9 ya ubongo. Habari ikifika kwenye shina la ubongo, unajikuta unahema kwa kasi bila kuamua.

Kwa uzito wake, ni miongoni mwa tishu zinazopitiwa na damu nyingi kuliko zote mwilini. Likumbuke hilo kabla hujafungua sindano. Mbelgiji Corneille Heymans alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kazi iliyoihusu punje hii. Mhispania Fernando de Castro, aliyekuwa ameshaichora chini ya hadubini na kudokeza kwamba inaonja damu, hakupewa kitu.

Usiichanganye na jirani yake, sinasi ya karotidi, inayopima presha. Huyo jirani tutakutana naye mezani.

Uvimbe wa punje hii, paragangilioma, huonekana zaidi kwa watu walioishi miaka mingi milimani kwenye hewa nyepesi, kama kwenye Andes za Peru na Bolivia. Hata ng'ombe wa huko huupata. Wengine huurithi. Jeni iitwayo SDHD ina tabia ya ajabu: aliyeirithi kwa baba huweza kuota uvimbe, aliyeirithi kwa mama kwa kawaida hubaki salama, ingawa anaweza kuipitisha. Kwa hiyo usiulize tu "kuna mtu nyumbani mwenye ugonjwa kama huu?" Uliza kuhusu shangazi na baba wadogo, mmoja mmoja.

Hatua ya 1: vidole

Ushike uvimbe kwa vidole viwili. Usukume mbele na nyuma ya shingo: unasogea. Usukume juu na chini: umegoma, maana umefungwa kwenye ateri iliyosimama wima. Tezi la TB halifanyi hivyo. Ama linateleza kila upande, ama limegandamana na wenzake. Weka stetoskopu usikilize mvumo. Mwambie mgonjwa atoe ulimi, aseme, ameze, kisha andika ulichokiona. Neva iliyokuwa imelemaa kabla ya upasuaji, usipoiandika leo, kesho itaitwa yako.

Na hapa ndipo sindano na kisu cha biopsi vinapobaki mezani. Uvimbe unaodunda, usiutoboe.

Hatua ya 2: picha na mkojo

Anza na altrasaundi ya Dopla. Ni rahisi na inatosha kukushtua. Halafu CT yenye dawa ya mishipa, au MRI. Utaona ateri mbili zimetanuliwa kama mti wa manati, na kati yake bonge linalong'aa kwa damu. Tazama shingo zote mbili, maana upande wa pili huwa na mwenzake, hasa kwenye ukoo wenye jeni hiyo.

Pima metanefrini, yaani mabaki ya homoni za kupandisha presha, kwenye damu au mkojo wa saa 24. Uvimbe mchache humwaga homoni hizo, lakini huo mchache unaweza kukuulia mgonjwa akiwa usingizini. Zikiwa juu, dawa za kuzuia alfa hutangulia, za beta hufuata. Usigeuze mpangilio.

Panga uvimbe kwa daraja za Shamblin za mwaka 1971: daraja la 1 unabanduka, la 2 umeikumbatia ateri kiasi, la 3 umeimeza.

Hatua ya 3: je, ukatwe?

Hukua polepole mno. Bibi wa miaka 80 asiye na shida yoyote, mimi humwachia shingo yake na kumpiga picha kila baada ya muda. Mionzi nayo huweza kuusimamisha. Kijana namfanyia upasuaji mapema, uvimbe ukiwa mdogo. Kuziba mishipa ya uvimbe siku moja au mbili kabla kunapunguza damu, lakini chembe za kuzibia zikikosea njia zinakwenda kwenye ubongo. Mimi hukubali kwa mavimbe makubwa tu.

Hatua ya 4: mezani

Damu iwe imeandaliwa. Paja moja lisafishwe pia, kwa sababu unaweza kuhitaji kipande cha vena. Ongea na daktari wa usingizi kabla, si wakati damu inaruka.

Kata kwenye ukingo wa mbele wa msuli mkubwa wa ubavuni mwa shingo. Funga vena ya uso. Zungushia vitanzi vya raba karotidi kuu chini, kisha ateri mbili juu ya uvimbe, kabla hujaugusa uvimbe wenyewe. Itafute neva ya 10 (ya sauti na kumeza) nyuma, kati ya ateri na vena kubwa, na ya 12 (ya ulimi) inayovuka kwa juu. Zione kwa macho, usizikisie.

Sasa kazi yenyewe. Kati ya uvimbe na ukuta wa ateri kuna tabaka jembamba, mstari mweupe aliouelezea daktari wa upasuaji Gordon-Taylor mwaka 1940. Ni kama kumenya yai la kuchemsha: ukiupata ule utando, ganda linatoka, ukiukosa, unamega yai. Ukienda juu mno ya tabaka hilo unachimba ndani ya uvimbe na kila kitu kinakuwa chekundu. Ukienda chini mno umebaki na ukuta wa ateri kama karatasi. Anzia chini kwenye karotidi kuu, panda taratibu na baipola (koleo la umeme la kuzuia damu), panda ya ateri iache mwisho, maana hapo ndipo uvimbe umeshikilia na kunyonya. Damu ikikuzidi, weka kitambaa cha gozi, bonyeza, hesabu hadi 200. Nimeona mikono yenye haraka ikiharibu kilichokuwa kinajifunga chenyewe.

Mapigo ya moyo yakishuka ghafla, umemkera yule jirani, sinasi. Acha, subiri, dondoshea lignokeini kidogo, dawa ya ganzi.

Karotidi ya nje unaweza kuifunga na kuikata. Ya ndani, hapana. Mwaka 1886 daktari wa upasuaji Maydl aliutoa uvimbe na mgonjwa akapona, lakini amepooza upande mmoja na hana maneno. Karotidi ya ndani ikichanika, mpe mgonjwa heparini ya kuzuia damu kuganda, bana, shona, au unganisha kwa vena ya paja.

Hatua ya 5: akiamka

Palepale mezani: "Mama, toa ulimi. Tabasamu. Nibane mkono. Sema jina lako." Maji kijiko kimoja kabla ya uji. Mkasi wa kufungua nyuzi ukae kitandani, kwa sababu damu ikijaa shingoni hufunga njia ya hewa haraka kuliko lifti. Baadhi hulalamika maumivu ya taya kwenye tonge la kwanza la kila mlo, waambie mapema.

Kama kuna pande mbili, fanya mmoja, subiri, uone neva zimesalimikaje. Neva ya 10 ikilemaa upande wa kwanza, wa pili usiuguse kirahisi. Aliyepoteza punje na sinasi za pande zote mbili presha yake hurukaruka, na mwili haumwonyi ipasavyo oksijeni ikipungua.

Kliniki iendelee kwa miaka, na ndugu waitwe. Mama yule alirudi baada ya mwezi, sauti yake ikiwa na mkwaruzo kidogo. Nyuma yake aliingia mdogo wake wa kiume, kola ya shati ameifunga hadi kifungo cha juu kabisa.