Kukereza peni kwa gunzi la mahindi au pembe ya ng'ombe

Kama mbao ushazizoea na unataka kitu tofauti anza na gunzi la mahindi, mi naliona zuri kuliko vyote, ukilimaliza vile vishimo vya punje vinatokea kama sega la nyuki na hakuna peni mbili zinazofanana.

Tabu ya gunzi ni ulaini, ukiligusisha patasi hivihivi linasambaratika, kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya mashine ya kukereza. Likaushe kweli kweli, weka kwenye oveni kama nyuzi 100 na uwe unalipima mpaka uzito ugome kushuka, liache lipoe ndani ya mfuko uliofungwa. Kisha lizamishe kwenye rezini (gundi ya majimaji) ile inayoganda kwa joto, washa pampu ya kunyonya hewa, povu litatoka jingi sana usiogope, subiri liishe ndo uzime halafu uliache gunzi humo liendelee kunywa rezini kwa masaa, baadae lirudi kwenye oveni ligande. Huna pampu? Tumia supagluu nyepesi, unakereza kidogo unamwagia, unakereza tena, inachosha ila inakubali.

Pembe yenyewe haihitaji rezini, chagua kule nchani ambako imejaa. Adui yake ni joto. Ukitoboa tundu la kibomba, toboa taratibu na uwe unaitoa biti ya drili kila mara, ukisikia harufu ya nywele zinaungua ujue umekaza sana na nyufa zinakuja. Na vaa barakoa jamani, vumbi lake sio la kuvuta, miwani pia.

Peni nyembamba nyingi zinatumia kibomba cha shaba cha milimita 7 kinachokaa ndani, ila soma karatasi ya seti yako ya vipuri vya peni kwanza. Kata kipande cha gunzi au pembe kizidi urefu wa kibomba kama milimita 3, kitoboe, kikwaruze kibomba kwa msasa ili gundi ishike, kiingize kwenye tundu huku unakizungusha. Kwa pembe angavu kibomba kipake rangi nyeusi kabla, la sivyo shaba itaonekana kwa ndani. Gundi ikikauka sawazisha ncha ziwe mraba kabisa, zikipinda hata kidogo utaona mwanya pale zinapokutana na chuma.

Kwenye mashine usiikaze sana nati ya mandreli, ule mhimili unaoshika peni, inapinda na peni inatoka na umbo la yai. Mzunguko kama 2500 kwa dakika, patasi kali, unakula kidogo kidogo mpaka ulingane na bushi, zile pete za chuma pembeni zinazoonyesha unene wa mwisho. Msasa 240, 400, 600, na kila hatua simamisha mashine upige kwa urefu kufuta mikwaruzo ya mviringo. Gunzi lipake supagluu matabaka kadhaa ndo ung'arishe, pembe inatosha nta.

Kwenye kuunganisha usiwe na haraka, ile sehemu ya kuzungusha inayotoa wino nje ibane kidogo ndani ya kibomba, weka wino, angalia ncha ya wino imetokeza kiasi gani, bana tena, maana ukiizidisha ndani kuitoa ni shughuli.