Spika ndogo za zamani: zisikilize kwa kipimo sawa

Watu wawili wakibishana juu ya spika ndogo ziitwazo LS3/5A, mmoja akisema ni asali na mwingine akisema zimebanwa pua, wote wanaweza kuwa sahihi. BBC ilizibuni miaka ya 1970 zitumike ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambako fundi alihitaji kusikia vizuri sauti ya msemaji. Maneno yanatoka waziwazi, lakini besi ya kutikisa kifua hutaipata. Kaboksi kenyewe ni ka lita tano hivi! Mpenzi wa rege atanung'unika tu.

Kabla ya kununua, nenda na wimbo unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji. Ukizilinganisha na spika nyingine, rekebisha volyumu zilingane kwanza. Hapa ndipo wengi huteleza: hizi zinahitaji umeme mwingi zaidi ili zitoe sauti kubwa, kwa hiyo kwa volyumu ileile ya amplifaya husikika chini, na sikio hupenda chenye kelele zaidi. Ziweke juu ya stendi, mbali kidogo na ukuta. Na katika jozi moja usichanganye spika ya omu 15 na ya omu 11 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), hata ukipunguziwa bei.