Kabla hujaanza kuotesha fangasi wa ukoka maabara, soma hapa kwanza

Nyinyi mnaosoma kilimo hapa Unguja na Pemba mnaotaka kufanya projekti ya madoa ya ukoka, nawaombeni msome hii kabla hamjanunua hata sahani moja. Mmoja wa wanaouharibu ukoka ni Bipolaris, na kumuotesha huyu si kazi, kazi ni kumfanya azae. Bila spora, yaani mbegu zake ndogo, huna cha kupulizia kwenye majani mazima, na bila kupulizia huna njia ya kuonesha kama kweli yeye ndo alileta ugonjwa.

Ya kawaida nayapitia haraka. Kata jani pale doa linapokutana na kijani, sio katikati palipokwisha kufa. Lioshe kwa jiki ilozimuliwa, kisha maji safi yalopikwa. Chakula cha fangasi kipite otoklevu, ile sufuria ya mvuke wa presha, nyuzi 121 dakika 15, usikate dakika hata kama foleni ni ndefu.

Chakula chenyewe usimjazie sana. Kwenye agari (ute wa mwani unaogandishwa sahanini) ya mbatata atanawiri kama pamba utafurahi, lakini akishiba hana haraka ya kuzaa. Mpe agari ya maji tupu yenye vipande vya majani ya ukoka yalopitishwa otoklevu, hapo ndo anaanza kufikiria uzazi. Na usiizibe sahani kwa utepe mpaka ikose pumzi, hewa inataka ipite.

Sasa taa, na hapa tulieni. Kuna banati mmoja wa chuo fangasi wake alikuwa amejaa sahani nzima, rangi imeshakolea, lakini akitizama kwenye hadubini anaona vijiti vya kubebea spora vimesimama vitupu, spora hakuna. Akabadilisha chakula, hakuna. Akarudi bustanini kuchukua majani mengine, hakuna, msimamizi akaanza kumwambia huyo fangasi sie, na muda wa kukusanya data unayoyoma, banati analia kweli kweli. Kumbe chumba kile taa ya dari ilikuwa haizimwi usiku kwa ajili ya ulinzi, na hakuna mtu alomuuliza habari ya taa.

Wengi wa jamii hii uzazi wao una hatua mbili. Mwangaza, hasa ule wa ultravayoleti ya karibu, yaani iliyopakana na mwangaza tunaouona kwa macho, ndo unaamsha vile vijiti, lakini spora yenyewe kukaa juu ya kijiti inataka kiza, na mwangaza wa buluu uliomo ndani ya taa nyeupe unaizuia. Na kizuizi hicho kinazidi nguvu joto likipanda! Kwenye ubaridi anaweza kuzaa hata taa ikiwaka usiku kucha, kwa hiyo alofanyia kazi hii kwenye chumba cha baridi huko Ulaya anaweza asilione tatizo kabisa, wewe ambae chumba chako kinagusa nyuzi 30 utaliona. Banati alifunika sahani zake kwa boksi usiku, masaa 12 mwangaza masaa 12 kiza, na hazikupita siku nyingi spora zikatoka. Basi kabla hujaanza nenda maabara usiku ukaone mwenyewe kama kuna kiza, usiulize mtu, nenda. Na ukinunua taa ya ultravayoleti hakikisha sio ile ya kuulia vijidudu, ile itamuua fangasi na itakuunguza macho.

Umeme nao upangie. Tokea Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja tulikaa karibu miezi mitatu bila umeme wa gridi, sahani zilizo hai hazingojei hivyo, kwa hiyo fangasi wako wa mwanzo mkaushe kwenye karatasi ya kuchujia uweke mahali pakavu pa baridi, sehemu mbili tofauti. Hiyo itakusaidia pia usiwe unamhamisha sahani hadi sahani kila mara, maana akihamishwa sana anasahau kuzaa.

Andika tarehe na mahali kwenye kila sahani, weka kipimajoto ndani ya inkubeta, lile kabati la kuoteshea, na usome wewe sio uamini kioo cha mlangoni, na sahani zilokwisha kazi usizitupe jaani, zipikwe kwanza, kwa sababu ndugu yake Bipolaris oryzae anakula mpunga na Cheju watu wanalima. Koti la maabara pia livue kabla hujatoka, usiende nalo bondeni.