Kupanga kituo cha maziwa kijijini ili pesa ifike nyumbani

Mitamba (ng'ombe jike ambao hawajazaa) ya mkopo isigawiwe kabla ya kujua nani atabeba majani na maji. Ng'ombe wa kisasa anayekamuliwa hula kilo 50 hadi 60 za majani mabichi kwa siku, na hunywa lita 60 au zaidi. Mzigo huo kwa kawaida humwangukia mama, akimaliza nguvu anasaidiwa na watoto wa shule. Kwa hiyo kila anayeomba mtamba aonyeshe kwanza majani ya tembo yaliyokwisha kushika shambani, na pipa au tangi la maji karibu na banda.

Sasa malipo, ambako vituo vingi huharibu mambo bila kukusudia. Katika kaya nyingi maziwa ya jioni ni ya mama: huyauza kwa majirani, akapata chumvi, sabuni na madaftari. Kituo kikianza kupokea jioni na kulipa mwisho wa mwezi kwa jina la mwenye ng'ombe, hela hiyo humtoka mkononi. Lita zinaongezeka, mboga inapungua. Dawa yake iwe kwenye katiba ya kikundi: kaya moja iruhusiwe namba mbili za uanachama, asubuhi ya mmoja na jioni ya mwingine, kila mmoja na simu yake ya kupokea malipo na kura yake mkutanoni. Lipeni kila baada ya siku 15. Na maziwa ya watoto yatolewe kabla ya keni kufungwa.

Kwenye mapokezi, kipimo kiwe kimoja. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi, hivyo mkipima kwa mizani na kulipa kwa lita, gawanyeni kilo kwa 1.03 mbele ya mwanachama. Msikate pointi za kwenye mizani: gramu 300 zikiachwa kila siku ni kilo 9 kwa mwezi, na mfugaji anajua.

Kabla ya kupokea, pimeni ubora: changanya mililita 2 za maziwa na mililita 2 za spiriti ya asilimia 70. Yakiganda, yamechachuka, ni dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa), au kiwele kinaumwa. Kisha lactometa, kipimo kinachoelea kuonyesha kama maziwa yametiwa maji: maziwa halisi husoma 28 hadi 32 yakiwa na joto la nyuzi 20, kila nyuzi ikizidi, ongeza 0.2. Yaliyokamuliwa sasa hivi husoma chini, yaache nusu saa kabla ya kumwita mtu mwizi. Mjanja halisi hutoa malai (mafuta ya juu ya maziwa) kwanza ndipo aongeze maji, na lactometa haimwoni.

Yaliyokubaliwa yafike nyuzi 4 ndani ya saa mbili au tatu tangu kukamuliwa. Madumu ya plastiki yenye shingo nyembamba yakataeni, hayasafishiki ndani. Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa antibiotiki yamwagwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe: kuchemsha hakuondoi dawa, na hata mtindi yanagoma kuganda.

Pumba, dawa na uhimilishaji (kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya chupa) vitolewe kwa mkopo wa kukatwa kwenye maziwa, lakini makato yasizidi theluthi ya malipo. Mwanachama akipokea sifuri mara mbili, kesho yake maziwa yanakwenda kwa mchuuzi wa bodaboda anayelipa taslimu, na deni linabaki daftarini kwenu.