Namna ya Kuihakiki MRI kwa Maji ya Barafu Kabla ya Utafiti

Mtafiti anayempima mgonjwa mwezi wa tatu na kumpima tena mwezi wa tisa anapaswa kuwa na hakika kwamba tofauti anayoiona imetoka kwa mgonjwa, wala si kwa mashine. Picha ya kawaida ya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, haimpi hakika hiyo, kwa sababu weupe na weusi wake hauna kizio. Mbinu za vipimo zilizoendelea miaka ya karibuni zimeziba pengo hilo: ramani za T1 na T2, yaani muda ambao tishu huchukua kurudi katika hali yake baada ya kusisimuliwa na mashine, hutoa majibu kwa milisekunde, kipimo cha mafuta ya ini hutoa asilimia, na mbinu iitwayo kwa mfano tu “alama za vidole” (MR fingerprinting), iliyotangazwa mwaka 2013 na watafiti wa Cleveland, Marekani, hupata T1 na T2 kwa pamoja katika skani moja. Hapa nitaeleza kipimo kimoja tu, cha usambaaji wa maji, ambacho skrini hukiandika ADC, kwa kuwa mtu aliyeko Mtwara au Lindi anaweza kukihakiki bila kuagiza kifaa cha gharama kutoka nje.

Msingi wake ni huu: maji safi yaliyo kwenye nyuzijoto 0 za Selsiasi husambaa kwa kasi ya 1.1×10⁻³ mm² kwa sekunde, popote pale duniani. Yakifika nyuzi 25, kasi hiyo hupanda hadi takriban 2.3, ndiyo maana chupa iliyokaa mezani katika joto letu la pwani haifai kuwa kipimo. Barafu inayoyeyuka, kwa upande wake, huyashikilia maji kwenye nyuzi 0 mpaka itakapokwisha.

Suala la barafu lahitaji uangalifu kuliko yote. Ile inayouzwa feri kwa ajili ya samaki mara nyingi imeshagusana na maji ya bahari, na chumvi huishusha chini ya nyuzi 0. Kwa hiyo nunua barafu ya maji baridi yanayonywewa, ile ya mifuko inayogandishwa majumbani, kisha uiponde iwe vipande vidogo. Jaza maji yaliyochemshwa kwa mvuke na kukusanywa tena, yaani yale ya maabara au ya betri, katika chupa ndogo ya plastiki, hakikisha hakuna kiputo cha hewa, na uifunge vizuri. Izamishe katikati ya chombo cha plastiki chenye mfuniko usiovuja, kilichojaa barafu na maji kidogo ya kuziba nafasi kati ya vipande, kisha kiweke chombo hicho ndani ya deli.

Subiri saa nzima. Mara ya kwanza nilisubiri robo saa tu, nikapata 1.5, nikadhani mashine ina kasoro. Kumbe maji ya katikati ya chupa yalikuwa bado kwenye nyuzi kama 10. Kipimajoto kitumike nje ya chumba cha sumaku, na deli lenye bawaba au misumari ya chuma libaki huko huko nje. Kikaushe chombo, kifunge kwa mfuko wa nailoni, halafu kilaze kwenye koili ya kichwa (kifaa kinachozunguka kichwa na kupokea mawimbi), chupa ikiwa katikati kabisa ya sumaku, kwani kadiri unavyotoka katikati ndivyo gredienti, yaani mabadiliko ya nguvu ya sumaku yanayopima usambaaji, zinavyopotoka na namba kupotoka nazo.

Tumia mpangilio uleule utakaotumia kwa wagonjwa, wenye b (kiwango cha nguvu ya kupima usambaaji, kwa sekunde kwa mm²) ya 0 na ya 1000, kisha rudia skani mara nne bila kugusa chochote. Kwenye picha, chora duara la sentimita moja katikati ya chupa. Ikiwa nguvu ya mawimbi ndani ya duara hilo ilikuwa 1000 kwenye b ya 0, inatakiwa ishuke hadi karibu 333 kwenye b ya 1000. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, tafuta logi asilia ya jibu (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), ugawanye kwa 1000, na utapata 0.0011. Skrini nyingine huandika 1.1 na nyingine 1100, kwa hiyo soma kizio kabla ya kushtuka. Mimi hukubali tofauti isiyozidi 0.04 kutoka 1.1.

Rudia kipimo hiki kila programu inaposasishwa, fundi anapobadilisha kifaa, au umeme unapokatika ghafla na mashine kuwashwa upya, ukiandika tarehe, koili na majibu yote manne katika daftari moja. Namba ikitoka nje ya mpaka, usiirekebishe kwa kuzidisha. Anza na barafu mpya, na ikikataa tena, mwite mhandisi. Kipimo hiki nakifanya siku mbili kabla ya tarehe ya wagonjwa, ili aliyeko Nanyumbu au Liwale apigiwe simu angali nyumbani, kabla hajalipa nauli.