Jinsi ya kupanga rangi kwenye I Love Hue bila kubahatisha

I Love Hue ni mchezo wa simu uliotoka mwaka 2017, kazi ya studio ndogo iitwayo Zut. Kioo kinajaa vigae vya rangi vinavyotiririka, tuseme kutoka manjano hadi zambarau, kisha vinavurugwa, na kazi yako ni kuvirudisha vilivyokuwa. Hakuna saa inayokukimbiza, hakuna adui. Kigae chenye nukta nyeusi hakisogei. Kingine chochote unakiburuta juu ya mwenzake, vinabadilishana nafasi. Sheria zimeishia hapo. Hatua za mwanzo mtu anazivuka kwa macho tu, halafu rangi zinaanza kukaribiana na mkono unaanza kubahatisha.

Simu kwanza

Nusu ya makosa hutoka kwenye kioo, si kwenye jicho. Ingia kwenye mipangilio, zima ule mwanga wa usiku unaotia kioo umanjano. Ukiwaka, buluu zinazopishana kidogo zinafanana kabisa. Zima pia mwanga unaojirekebisha wenyewe, uweke kwa mkono kwenye asilimia 60 hadi 70. Ukiuacha, ukipita tu kivulini kioo kinafifia katikati ya ubao, na vigae vya giza vinakuwa kitu kimoja. Hali ya kuokoa chaji nayo hupunguza mwanga, kwa hiyo siku umeme umekatika, bora usubiri kuliko kucheza na asilimia 9.

Futa kioo kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya kidole juu ya rangi iliyopauka yanaonekana kama rangi nyingine. Simu nyingi za bei nafuu hubadilisha rangi ukizitazama kwa pembeni, kwa hiyo ishike ikutazame usoni. Protekta za faragha, zile zinazoficha kioo kwa jirani, ni mbaya zaidi kwa mchezo huu.

Ufukweni kuna tatizo la pili: mng'ao wa maji. Ukikaa kwenye feri ya Kamanga, hapa Mwanza, saa saba mchana, ligeuzie ziwa mgongo, kichwa chako kikitie kioo kivuli. Vua miwani ya jua. Ile inayokata mng'ao wa maji inaweza kukifanya kioo kiwe cheusi kabisa ukigeuza simu, na ile ya kawaida inapaka kila kigae rangi ya lenzi yake.

Usiipe rangi jina

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Kiswahili kimeokota majina ya rangi kutoka kwa vitu: kijani ni majani, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda, chungwa ni chungwa. Jina la namna hiyo linakupeleka kwenye kitu kimoja, wakati ubao una kijani tisa. Ukishasema "hiki ni kijani," jicho linaacha kutazama.

Mtazame mnunuzi wa sato pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Anafunua shavu la samaki, anatazama matamvua, anamfunua na wa pembeni yake. Hahitaji jina la ule wekundu. Anachotaka kujua ni yupi kati ya hawa wawili ameanza kuelekea kahawia. Swali lako kwenye ubao ni hilohilo: kati ya vigae hivi viwili, kipi kimeelekea zaidi upande ule?

Lipe swali hilo sura tatu. Je, rangi yenyewe imegeuka, mfano kutoka manjano kuelekea kijani? Je, imekuwa nyeupe zaidi au nyeusi zaidi? Je, imekolea au imepauka? Wengi hukwama kwa sababu wanauliza la kwanza tu. Vigae viwili vinavyoonekana ni "waridi ileile" mara nyingi vinatofautiana kwa kukolea.

Kupanga wenyewe

Kabla ya kugusa chochote, tafuta nukta. Mara nyingi ziko kwenye kona nne, mara nyingine zinazunguka kingo zote au zimetawanyika kwa mchoro fulani. Hizo ni nguzo zako. Ubao ukionyeshwa kabla ya kuvurugwa, usijaribu kukariri vigae. Kariri mwelekeo: giza liko chini, wekundu unatokea kulia.

Anza na kingo, maana kwenye ukingo rangi inakwenda njia moja tu. Chukua ukingo wa vigae vitano, kona moja manjano, nyingine kijani. Kigae cha tatu ni nusu kwa nusu, kitafute hicho kwanza. Cha pili ni robo tatu manjano, cha nne ni robo tatu kijani. Ukianza na cha pili, utakigombanisha na cha tatu. Ukianza na cha katikati, vilivyobaki vinajigawa vyenyewe, kama maembe mezani: yaliyoiva huku, mabichi kule.

Kingo zikikaa, ingia ndani kwa safu. Kila safu sasa ina mwanzo na mwisho unaojulikana, kwa hiyo ni ukingo mwingine tu. Kumbuka pia kwamba kigae cha katikati ya ubao kimechanganya kona zote nne. Rangi zinazopingana, kama manjano na buluu, zikichanganywa kwenye kioo hutoa kijivu. Ndiyo maana vilivyopauka mara nyingi ni vya ndani na vilivyokolea ni vya karibu na kona. Kwa kanuni hiyo peke yake unaweza kugawa vigae mafungu mawili kabla hujasogeza hata kimoja.

Jicho linapodanganya

Mwaka 1839 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, alichapisha maelezo ya jambo ambalo kila mchezaji atakutana nalo: rangi ileile hubadilika machoni kulingana na jirani yake. Kijivu kando ya nyekundu huonekana kina ukijani. Kwa hiyo usilinganishe kigae kilichoko juu kushoto na kilichoko chini kulia. Kilete kwanza karibu na pale unapodhani ni pake, ndipo uhukumu.

Udanganyifu huohuo una faida. Safu ikiwa sawa, kila kigae huonekana kama kimebonyea kidogo, upande mmoja cheupe, upande mwingine cheusi, ingawa rangi yake ni moja tupu. Safu nzima inafanana na mikunjo ya bati, yote imeegemea upande mmoja. Kigae kikiwa si pake, mkunjo mmoja unageuka. Sogeza simu mbali kwa urefu wa mkono, legeza macho, utauona mara moja.

Macho nayo huchoka. Ukikodolea nyekundu kwa muda, zote zinaanza kufifia. Inua kichwa, tazama mbali sekunde 20 hivi. Hapa Mwanza huna shida ya cha kutazama, hasa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, jua linapozama ng'ambo ya ghuba. Anga kutoka maji kwenda juu ni ubao kamili uliokwisha kupangwa, na ni zoezi zuri kutafuta mahali chungwa inapokwisha.

Kupunguza hatua

Mwishoni mchezo unahesabu mara ulizobadilisha na kuzilinganisha na wastani wa dunia. Hesabu yake ni rahisi. Ubao wa 5 kwa 6 una vigae 30. Kona nne zikiwa na nukta, vinabaki 26. Kila badiliko likikalisha angalau kigae kimoja pake moja kwa moja, hutazidi 25, maana la mwisho hukalisha viwili. Kabla ya kuburuta, tazama kigae utakachokiondoa: je, pale kinapokwenda ndipo pake? Mabadiliko ya namna hiyo ndiyo yanayokuweka chini ya wastani. Kinachopandisha hesabu ni kukiweka kigae "hapa kwa muda."

Anayechanganya nyekundu na kijani (ni kawaida zaidi kwa wanaume) atapata shida kwenye baadhi ya bao, na si uzembe. Ageuze kioo kiwe cha kijivu kitupu kwenye mipangilio, apange kwa weupe na weusi, kisha arudishe rangi kwa ukaguzi.

Vikibaki viwili usivyoweza kuvitofautisha, usivitazame vyenyewe. Tazama jirani wa kila kimoja, juu na chini, na utafute mkunjo ulioegemea kinyume.