SOMO: Umerithi gombo la mchoro wa wino kutoka China au Japani? Soma kabla hujaligusa

Wakuu, salaam. Wiki haipiti bila kuletewa picha ya farasi au kamba (yule wa majini) wa wino mweusi na swali lilelile: "Hii ni ya kweli? Bei gani?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja. Wengi wenu mmeachiwa na wazazi waliojenga reli ya TAZARA na Wachina kati ya 1970 na 1975, au waliokwenda kusoma Beijing, au mabaharia walioteremka Kobe na Yokohama. Mimi ni mtoto wa TAZARA. Baba alipewa gombo lake, la farasi, na fundi wa Kichina siku anaagwa kurudi kwao.

Hatua ya 1. Nawa mikono, ikauke kabisa.

Hatua ya 2. Tafuta meza kubwa na safi. Chai, maji na watoto vikae mbali.

Hatua ya 3. Kunjua taratibu, kama sentimita 30, huku ukikunja ulikotoka. Likigoma, au likilia kama jani kavu, acha hapo hapo.

Hatua ya 4. Usiondoe kitu chochote. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo someni polepole. Baada ya arobaini ya baba nililipeleka gombo kwa fundi fremu ili litundikwe sebuleni. Fundi akauliza, "Hivi vitambaa vya pembeni nikate?" Nikamwambia kata. Akakata hariri yote, akang'oa ufito wa juu na mti wa chini, akabandika karatasi kwenye hadibodi kwa gundi nyeupe ya seremala. Nikalipa, nikashukuru. Miaka ikapita, nikamtumia mthamini picha. Kuhusu farasi hakuuliza neno. Aliuliza, "Mgongo uko wapi? Kibandiko cha nje kiko wapi?" Kibandiko ni kile kijikaratasi chembamba chenye mstari wa maandishi kinachoonekana nje gombo likiwa limekunjwa. Hapo huandikwa jina la mchoro, la mchoraji, wakati mwingine mwaka. Cha baba kilikuwepo. Nakumbuka nilivyokuwa nakipapasa kwa kidole utotoni, kona moja imenyanyuka. Kilikwenda na takataka za fundi, na mpaka leo hakuna anayeweza kuniambia kwa uhakika baba alipewa nini.

Kwa hiyo: usikate, usibandike, usitie selotepu hata pale palipochanika, usipige pasi, usitie plastiki ya moto. Usifute kwa kitambaa kibichi, kwa sababu wino huu ni masizi na gundi ya wanyama. Rangi zinaweza kuhama, na madoa ya maji hubaki milele. Sanduku nalo usilitupe. Wajapani huhifadhi gombo kwenye sanduku la mti mwepesi uitwao kiri, na mara nyingi mchoraji mwenyewe huandika na kupiga muhuri kwenye kifuniko. Mwandiko huo ni ushahidi. Gombo likitengwa na sanduku lake, limepoteza shahidi.

Hatua ya 5. Piga picha mchana, bila flashi: mchoro mzima, sahihi, kila muhuri kwa karibu, mgongo, kibandiko, ncha za mti wa chini, sanduku ndani na nje. Piga nyingine tochi ikiwa imelazwa pembeni, ionyeshe mikunjo na viraka.

Hatua ya 6. Ni mkono au ni chapa? Azima kioo cha kukuzia cha sonara au cha fundi saa. Ukiona vidoti vidogo vilivyojipanga kama kwenye kalenda, ni chapa ya mashine, maliza hapo. Usipoona vidoti, bado usishangilie. Rongbaozhai, duka la sanaa na uchapaji la Beijing, limechapa kwa miongo mingi kazi za Xu Beihong, mchoraji maarufu wa farasi (1895–1953), na Qi Baishi, maarufu kwa kamba (1864–1957), kwa mbao za kuchonga, wakitumia karatasi ileile ya xuan wanayochorea Wachina na wino uleule wa maji. Nakala hizo zimewakosesha hata wazoefu. Angalia pale mipigo miwili ya brashi inapokutana: mkono huacha unyevu juu ya unyevu, ukingo unatambaa, na nyuzi za brashi kavu zinakatika ovyo. Kisha tazama kibandiko. Herufi 木版水印 maana yake ni chapa ya ubao kwa rangi za maji. Mnaona sasa kwa nini nalilia kile kijikaratasi.

Hatua ya 7. Mwaka. Wachina hupenda kuandika kwa mzunguko wa miaka 60, ambapo jina moja linarudi kila baada ya miaka 60. Kwa mfano, jina Jiayin ni 1974, pia 1914, pia 1854. Muuzaji atakusomea 1854. Karatasi, mtindo na habari za familia ndizo zinazochagua. Wajapani huandika pia enzi: Meiji 1868–1912, Taisho 1912–1926, Showa 1926–1989. Ukiona 昭和, hiyo ni Showa.

Hatua ya 8. Thamani. Amua kwanza unaitaka ya nini. Ya bima ni gharama ya kununua kingine kama hicho dukani. Ya mirathi ni bei ambayo kingeuzwa kwa haki siku marehemu alipofariki, na mara nyingi ni ndogo kuliko ya bima. Mkichanganya hizo mbili, ndugu watagombana bure. Nyumba kubwa za mnada kama Christie's na Bonhams hupokea picha na kutoa makadirio bila malipo. Makumbusho kwa kawaida hayatoi bei. Na bei za mnada mnazosoma huwa zimejumlisha ada ya mnunuzi, kwa hiyo muuzaji hapati zote.

MASWALI YA WANACHAMA

Kipanga wa Mbeya: Mkuu mimi ninayo ya kamba, bei gani?

Jibu: Picha moja, ya giza, imepigwa ikiwa ndani ya fremu. Hatua ya 5.

Kipanga wa Mbeya: Ila ina muhuri mwekundu kabisa, siyo fake.

Jibu: Muhuri unachongwa kwa dakika chache. Mwaka 2011 mchoro wa tai uliouzwa Beijing kama kazi ya Qi Baishi ulifika yuani milioni 425.5, kisha mnunuzi akagoma kulipa kwa kutilia shaka uhalisi wake. Muhuri ulikuwepo.

Fundi Salehe: Unawaharibia watu kazi. Nimetia fremu michoro ya Kichina miaka 20, hakuna aliyelalamika.

Jibu: Hata mimi sikulalamika nilipochukua yangu, maana sikujua kilichotupwa. Fremu siikatai. Ukiombwa, weka gombo zima nyuma ya kioo, lisigusane nacho, bila gundi wala mkasi. Mteja atalipa zaidi kwa fremu kubwa, nawe utakuwa umemtunzia mali.

Binti Makambako: Shikamoo. Wa babu una mihuri tisa, mingine juu ya anga tupu. Mchoraji mmoja anahitaji mihuri tisa?

Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri sana. Mchoraji hupiga wa jina lake, pengine wa chumba chake cha kazi au wa msemo anaoupenda. Iliyobaki huenda ni ya waliomiliki. Kwa Wachina kugonga muhuri wako juu ya mchoro uliorithi siyo uharibifu, ni kujiunga na ukoo wake. Mfalme Qianlong, aliyetawala miaka ya 1735 hadi 1796, aligonga mingi hata kwenye kazi za kale za hazina yake. Soma muhuri kwa safu, kuanzia kulia, juu kwenda chini. Herufi nyekundu juu ya nyeupe au nyeupe juu ya nyekundu, yote ni sawa. Nitumie yote tisa, tutaisoma pamoja.

Binti Makambako: Na nitajuaje kama ni Mjapani?

Jibu: Tafuta herufi nyepesi za mviringo kama の kati ya zile nzito. Hizo ni za Kijapani. Kanda mbili zinazoning'inia kutoka juu ni za kawaida kwa Wajapani, lakini Wachina nao wamezitumia, kwa hiyo zisikuamulie peke yake.

Abu Nasra, Muscat: Gombo la baba kutoka Yokohama, ncha za mti wa chini ni nyeupe, nzito. Nataka kulituma London kwenye mnada.

Jibu: Subiri, Abu Nasra. Angalia uso wa ncha kwa kioo. Mistari inayokatana kama wavu ni dalili ya pembe ya ndovu. Mfupa huwa na vidoti vyeusi vidogo. Ikiwa ni pembe, biashara ya kimataifa imebanwa tangu 1990, na sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika 2022 ni kali zaidi. Usitume, using'oe. Waandikie kwanza watu wa mnada, pamoja na picha ya ncha.

Mama Tido, Tanga: Sisi huku unyevu unatumaliza. La kwangu limeanza madoa ya kahawia.

Jibu: Pole mama. Madoa usiyaguse. Lisikae sakafuni kwa sababu ya mchwa, wala ukutani panapopiga jua. Japani wana desturi ya kuanika magombo kivulini msimu mkavu. Sisi tunacho kipupwe: chagua siku kavu, litundike saa chache chumbani hewa ikipita, kisha likunje bila kulikaza na ulifunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato.

Mama Tido, Tanga: Kafuri niweke?

Jibu: Weka kwenye kijifuko kwenye kona ya sanduku, isiguse karatasi.